Kanda Namba Nne na Kufuli Langu

Jumatatu, 3 Machi

Mifuko sitini ya saruji kabla ya chai. Mgongo hausemi na mimi.

Mchana Katibu kaniletea habari, na alivyofurahi kuileta nikajua ni mbaya. Binti wa maktaba ya mkoa anakuja tarehe 15 kuziingiza kanda zetu kwenye kompyuta, zisipotee milele.

Nieleze, maana shajara hii ikiokotwa nataka nihukumiwe kwa haki. Sisi watu wa kule kwetu hatufiki thelathini katika mji huu. Karibu wote tuko hapa kiwandani, tunafyatua matofali ya saruji. Tuna chama. Chama kina Mwenyekiti aliyesinzia tangu siku ya uchaguzi, Katibu mwenye kalamu isiyo na wino, na kanda kumi na moja. Alizirekodi marehemu Mwalimu miaka thelathini na kitu iliyopita, nyumba kwa nyumba, na redio kaseti begani. Wazee wanaeleza jinsi watu wetu walivyohama, wakavuka mlima, wakafika pale tunapopaita nyumbani. Hakuna maandishi mengine. Historia yetu yote ni hizo kanda.

Paa la shule lilipoanza kuvuja, kanda zikaletwa huku. Nikachaguliwa mimi kuzitunza. Si kwa akili! Nilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Wenzangu wote walikuwa na mifuko ya nailoni.

Kanda kumi ni nzima. Namba nne niliifuta.

Jumanne, 4 Machi

Kazi nyepesi, mvua. Nieleze na hilo la kufuta.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa bwana harusi wa juzi, nimekuja huku peke yangu. Siku hizo barua za sauti zilikuwa bado zipo. Unarekodi kanda, unampa dereva wa basi, mke anasikiliza nyumbani. Sikuwa na kanda tupu. Nikafungua sanduku. Ya juu kabisa ilikuwa namba nne. Imeandikwa: MKUNGA. Nikasema moyoni, bibi kizee anaongea, nani atakaa amsikilize? Mwalimu alikuwa amevunja kile kijino cha nyuma ili kanda isirekodiwe tena. Mtu mwangalifu! Nikaziba tundu kwa karatasi ya sigara, nikarekodi.

Barua yenyewe sikuituma. Niliona haya. Nilisema ukweli mtupu, kwamba nabeba matofali, wakati nyumbani nilishawaambia mimi ni msimamizi. Nikairudisha sandukuni, nikafunga kufuli, nikasahau.

Si neno. Nitasema unyevu umeila. Nani atabishana na unyevu?

Jumatano, 5 Machi

Binti wa maktaba alipita na Katibu kuangalia sanduku. Sauti ndogo, miwani mikubwa. Nikamwambia kwa huzuni kwamba namba nne imepata unyevu, tuseme tu ndiyo mapenzi ya Mungu. Akafurahi! Akasema kanda zenye unyevu ndizo anazozipenda, ana dawa na pamba maalumu. Nikasema pia imekatika. Akafurahi zaidi! Kukatika si kitu, anaunga utepe kwa mkono, hata vipande ishirini. Nikauliza kama imeungua je. Katibu akanitazama. Akauliza eti kanda hii imepitia vita gani ndani ya sanduku lenye kufuli.

Huyu Katibu simpendi. Ananiita "mheshimiwa mtunzaji" mbele za watu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mama watoto amepiga simu. Mama mkwe anakuja. Atapanda basi, afike tarehe 14, akae kwa Mpishi wa mgahawa, asikilize namba nne kwa masikio yake mwenyewe.

Kwa nini namba nne? Kwa sababu Mkunga alikuwa mama yake.

Hilo nilikuwa nalijua. Nililijua hata siku ile nafuta, nisidanganye karatasi. Nisilolijua ni hili. Katika ule msafara wa kuvuka mlima, Mkunga alifiwa na mtoto mchanga njiani, wa kiume, kaka wa kwanza wa mama mkwe. Akazikwa hukohuko. Mkunga hakuwaambia wanawe ni wapi, hadi anakufa. Aliiambia mashine ya Mwalimu tu. Mwalimu, kabla naye hajatutoka, alimwambia mama mkwe: mahali pale mama yako amepataja, pamo ndani ya namba nne, mimi nimesahau. Sasa mama mkwe ana miaka zaidi ya sabini na anasema magoti bado yanamruhusu. Anataka kwenda kuweka jiwe. Halafu, anasema, afe kwa raha zake.

Mke wangu kasema mama anaisubiri siku hiyo kama mtoto anayesubiri nguo mpya. Akauliza kama kanda iko salama. Nikajibu iko chini ya kufuli.

Sikula mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata jibu, nikiwa juu ya mchanga na koleo mkononi. Mkunga hayupo. Mwalimu hayupo. Kanda ipo. Sauti nitaweka mimi!

Kwani nini, bibi kizee anaongea. Unabana koo, unakohoa, unataja mlima. Hadithi za msafara tumezisikia tangu utotoni. Mlinzi wa getini ana redio kaseti nzee, nitaazima Jumapili kiwanda kikiwa kimefungwa.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Mpishi kwamba nitaisikiliza kanda kwanza "kuikagua". Kufikia jioni kiwanda kizima kinajua.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya ajabu. Kila mtu kanikumbuka.

Asubuhi Nyundo (tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kushika kitu kisivunjike) kachukua zamu yangu ya mashine ya kuchanganya zege bila kuombwa. Akakaa karibu nami, akauliza kwa upole kama katika kanda hiyo babu yake ametajwa. Nikasema sijui bado. Akasema babu yake alikuwa wa kwanza kuvuka mto, hilo linajulikana. Linajulikana na nani? Na yeye.

Mchana Mpishi kanijazia sahani hadi ikamwagika. Kaka, kasema, babu yangu ndiye aliyebeba moto kutoka kule walikotoka, usiku na mchana, hakuuacha uzimike. Wasije wakamsahau. Nikaahidi kusikiliza kwa makini.

Halafu wawili wa kupakia lori. Halafu fundi wa mashine. Hata Mwenyekiti aliamka. Babu yake aliongea na simba.

Kufikia saa kumi nilikuwa na mababu tisa waongozaji wa msafara. Aliyekuja bila ombi ni mmoja tu, Katibu. Yeye alikuja kuniambia nisiguse kanda bila barua ya chama. Sawa, bwana. Babu yako tutampangia kazi.

Jumapili, 9 Machi

Imekwisha! Nimemaliza! Mimi ni msanii na sikujua.

Mlinzi alitaka kujua redio ni ya nini. Nikamwambia mambo ya ibada. Nikajifungia stoo ya saruji, nikaziba tundu upya kwa kipande cha bahasha ya mshahara, nikajifunga kitambaa kichwani ili niingie katika hali. Vumbi likanisaidia kukohoa, kikohozi cha kweli kabisa.

Nikaanza: "Mwalimu, kaa hapo, nikusimulie." Mambo yakaja yenyewe. Babu yake Nyundo akavuka mto. Babu yake Mpishi akabeba moto. Simba akasema na babu yake Mwenyekiti, wakaelewana. Viongozi tisa wakatangulia. Mtu wa mwisho kabisa, nyuma ya mbuzi, akilia na kuomba abebwe, babu yake Katibu. Nikamkabidhi tenga la kuku.

Katikati simu ya mlinzi ikalia nje ya dirisha. Ule mlio wake wa tarumbeta! Miaka thelathini na kitu iliyopita kule kwetu hapakuwa na simu hata ya kukoroga. Lakini akili yangu ilikuwa moto leo. Nikasema kwa sauti ya Mkunga: "Hao mbuzi wana kengele mpya." Nikaendelea.

Kuhusu mtoto, nikamzika juu kabisa mlimani, kileleni, penye upepo na mawingu. Mahali pazuri. Mama mkwe atapapenda.

Mwisho nikaona si vibaya kujifikiria kidogo. Mkunga akaota ndoto kwamba mjukuu wake wa kike ataolewa na kijana mchapakazi atakayekwenda mbali kikazi, msimamizi, naye aheshimiwe na mama mkwe.

Dakika kumi na saba hivi. Nilitaka kusikiliza yote, mlinzi akataka redio yake, mpira unaanza. Nikairudisha.

Jumanne, 11 Machi

Nyundo ananibebea mifuko. Mpishi ananipa nyama ya juu. Nikawaambia kwa siri, mmoja mmoja, kwamba mababu zao wamo. Kila mmoja akainua kidevu. Fundi wa mashine sasa anatembea kama amemeza ufagio.

Katibu kaniuliza kama babu yake yumo. Kauliza huku anaangalia pembeni, kama mtu anayeulizia saa. Nikajibu yumo, tena amepewa dhamana kubwa ya mifugo.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe amefika. Mdogo, mkavu, kifimbo mkononi, begi moja. Nilimpokea stendi nikiwa nimevaa kofia ngumu nyeupe ya msimamizi, niliyoiazima wakati mwenyewe anaoga. Nikampa shikamoo kwa kupiga goti. Akanitazama kofia, akanitazama mikono. Akasema marahaba, mkwe wangu, kazi inakupenda naona, imekuchapa kila kidole.

Njiani akaniuliza kama mahali panatajwa. Nikasema panatajwa, mama. Akauliza ni mbali? Nikasema ni juu kidogo. Akayapapasa magoti yake, lile la kulia kisha la kushoto, kama mtu anayeongea na punda wake kabla ya safari.

Hilo la magoti sikulipenda. Limenikaa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Saa nane mgahawani kwa Mpishi. Meza zimesogezwa, watu wote wa kwetu ndani, wamevaa vizuri kama wanapigwa picha. Mama mkwe kiti cha mbele, kifimbo magotini. Binti wa maktaba na mashine yake, nyaya, kompyuta. Alipoishika namba nne akaigeuza nyuma. Akachomoa kwa kucha kipande cha karatasi tunduni. Akakisoma. Akaniuliza kwa adabu kama marehemu Mwalimu alikuwa analipwa mshahara na kiwanda cha matofali. Nikasema dunia ni ndogo. Akakiweka kwenye kibahasha, akaandika juu yake.

Akawasha.

"Mwalimu, kaa hapo, nikusimulie." Nyundo alisikia babu yake anavuka mto, akafuta macho. Moto ukabebwa, Mpishi akapiga kigelegele. Kila babu akaingia na kila mjukuu akakaa wima. Ikafika zamu ya kuku. Katibu akasimama, akasema huu ni uzushi, babu yake hajawahi kushika kuku maisha yake yote. Watu wakamwambia akae chini, asimkatize marehemu. Tarumbeta ikalia. Mlinzi, aliyekuwa mlangoni, akajipapasa mfukoni kutafuta simu yake. "Hao mbuzi wana kengele mpya." Binti wa maktaba akauma midomo.

Nikamtazama mama mkwe. Uso mkavu, haukusogea. Mtoto akazikwa kileleni. Hakusogea. Ndoto ya mkwe mchapakazi. Hapo akageuza shingo taratibu, akanitazama. Sitaki kuandika alivyonitazama.

Nikashusha pumzi, imeisha. Haikuisha!

Kanda ikasema "tak". Ikatoka sauti ya kijana. Mimi. Miaka kumi na miwili iliyopita.

Barua! Ile barua ilikuwa ndefu kuliko uongo wangu, na mkia wake ulikuwa umebaki palepale. Nilikuwa nasema, "...msimamizi ni mwingine, mke wangu, mimi nabeba. Mikono imepasuka hata kijiko sikishiki. Nawe ninakuambia kwa sababu ni wewe. Mama yako usimwambie, maana alisema nitafika mji na kuwa punda wa watu, na nimekuwa punda wa watu. Nikilala naikumbuka harufu ya nywele zako..." Dakika tisa! Niliruka kuzima mashine. Mama mkwe akaninyooshea kifimbo. Nikakaa.

Nyundo akacheka kwanza, halafu akaacha. Wote tunabeba hapa. Katika barua zao nao, nadhani, ni wasimamizi. Kiwanda hiki kina wasimamizi ishirini na nane.

Kisha "tak" nyingine.

Sauti ya tatu. Nzito, ya kukwaruza, isiyo na haraka. Hakuna aliyeambiwa ni nani, na wote wakajua. Barua yangu nayo ilikuwa fupi kuliko kanda. Mwishoni zilikuwa zimebaki dakika nne ambazo sikuwahi kuzigusa.

Mkunga alikuwa anamfokea Mwalimu. Anamwambia asogeze hiyo mashine, imekaa juu ya kanga yake. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti: "Mwanangu nilimlaza kijito cha pili, ukitoka tulikotoka, mkono wa kushoto. Kuna jiwe limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Chini ya kichwa chake. Si mbali na njia. Wanangu sikuwaambia, wangekuwa wanakwenda kulia huko na mashamba yanabaki na magugu. Yule binti yangu wewe mwambie nikishaondoka. Huyo ana kichwa kigumu, atakwenda hata kwa magoti. Haya, zima, mashine yako imeshiba."

Ikazimwa.

Mama mkwe alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka hadi shingoni. Akarudia peke yake: kijito cha pili, mkono wa kushoto. Akarudia hivyo mara tatu. Binti wa maktaba akaandika, naye miwani imelowa.

Ndipo hukumu. Mama mkwe alisema alijua tangu neno la pili. Mama yake hajawahi kumwambia mtu "kaa hapo" maishani, kwake kila mtu alikuwa anasimama na kufanya kazi. Aliniacha niendelee kwa sababu alitaka kuona mpumbavu anafika wapi. Na nimefika kileleni, kasema. Kule kileleni angepanda, kwa magoti haya, kwa neno langu. Akauliza kama nimelifikiria hilo.

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria upepo na mawingu.

Kisha binti wa maktaba akageuza kanda kuangalia upande wa pili. Akasikiliza. Mtupu. Haujawahi kurekodiwa chochote. Akaniuliza kwa nini barua yangu sikuiweka huko.

Upande wa pili? Ndugu, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kanda ina upande wa pili.

Jumapili, 16 Machi

Chama kimekaa. Kanda ya uongo haitafutwa! Binti kasema kwao hawafuti kitu. Sauti zote tatu zitahifadhiwa, kila moja na jina la aliyesema. Jina langu litakuwemo kwenye kompyuta ya mkoa, mara mbili. Mkunga mara moja tu. Sijasema kitu, lakini nimeona.

Maajabu ya wenzangu sasa! Waliotaka mababu zao watolewe kwenye uongo hawapo. Nyundo kauliza kama ile sehemu ya mto haiwezi kuachwa kama ilivyo.

Utunzaji nimevuliwa. Sanduku limehamia chumbani kwa Katibu, hadi binti arudi wiki ijayo. Amemaliza kuingiza namba moja hadi tano tu. Katibu hana kufuli, akaomba langu. Nikampa kwa moyo safi, na ufunguo.

Mama mkwe anaondoka kesho na basi la asubuhi. Atashukia njiani, kwenye kijito. Kanipa masharti: nimrekodie mke wangu barua mpya, ya kweli, yeye ataibeba. Binti kanipa kanda mpya kabisa, bado ina nailoni. Mama mkwe kasema akiwa anafunga begi kwamba punda wa watu si tusi, yeye amezaa na kulea kwa mgongo wa mtu wa namna hiyo. Akanishika vidole. Nikalia kidogo, ni vumbi la saruji tu.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau. Kosa langu lilikuwa kutojaza kanda hadi mwisho. Dakika kumi na saba ni chache mno. Mtu akirekodi, ajaze.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi mapema, kabla ya basi. Nimerekodi tangu jana mchana kwenye redio ya mlinzi, simu yake nikaifungia ndani ya ndoo. Nimeanza na ukweli kama nilivyoagizwa. Halafu nikaona ukweli mtupu unamfanya mtu aonekane mnyonge, nikauwekea cheo kidogo mbele. Mtunzaji mstaafu wa historia. Mshauri wa maktaba ya mkoa. Msimamizi, lakini wa hiari. Nikajaza upande wa kwanza hadi mwisho. Nikageuza, nikajaza na wa pili. Nikashtuka kanda imekwisha na sijafika kwenye salamu za watoto!

Kanda tupu nyingine sina. Watoto wasisalimiwe?

Katibu yuko zamu ya asubuhi. Kufuli ni langu. Funguo zake zilikuwa mbili.

Ya juu kabisa ni namba sita, babu yake Katibu. Nimesikiliza kidogo. Kumbe mzee kweli anaongea habari za kuku! Sasa kuku, nani atakaa awasikilize?

Tundu nimeliziba vizuri safari hii. Kwa gundi.